Binti wa Katesh na mashine iliyofunikwa shuka

Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, baba mmoja wa Katesh, wilayani Hanang, alikuwa na neno moja tu kwa bintiye: udaktari. Binti, aliyefaulu vizuri masomo ya sayansi, akasema anataka kusomea uhandisi wa vifaa tiba. Baba akaweka kikombe cha chai chini.

"Yaani ufundi, mama?"

Binti hakubishana. Alimkumbusha usiku ule mdogo wake alipolazwa kwa homa ya mapafu. Wodini kulikuwa na mashine mbili za oksijeni. Moja ilikuwa na mtoto mwingine. Ya pili ilikaa kwenye kona, imefunikwa shuka, na karatasi imebandikwa juu: MBOVU. Wakakodi gari usiku huohuo kwenda hospitali nyingine. Mtoto alipona. Baadaye ikajulikana kuwa kichujio cha hewa cha ile mashine kilikuwa kimeziba vumbi, basi. Na vumbi la Hanang wakati wa kiangazi, nani asiyelijua?

Baba akanyamaza. Mjadala ukahamia chuoni.

Yeye alitaka Muhimbili, MUHAS, kwenye shahada ya fani hiyo. Mama alipendelea Chuo cha Ufundi Arusha, kwenye stashahada ya umeme na vifaa tiba: karibu na nyumbani, mtoto akiugua unamfikia siku hiyohiyo. Shangazi akapendekeza DIT. Ukiwasikiliza, mmoja alikuwa akichagua jina, mwingine nauli.

Aliyewasaidia ni fundi wa vifaa tiba, jirani wa shangazi. Aliuliza kwanza kama binti anataka kuwa mhandisi au fundi sanifu, maana shahada na stashahada hazimpeleki mahali pamoja, ingawa mwenye stashahada anaweza kujiendeleza. Kisha akawaambia wahakikishe kozi yenyewe, si chuo tu, inatambuliwa: shahada kwa TCU, stashahada kwa NACTVET. Kwa shahada waulize pia Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Sifa za kujiunga wasome kwenye mwongozo wa mwaka huu, wasitegemee za kaka wa mtu.

Ila alikazia karakana. Je, mwanafunzi anafungua mashine kwa mikono yake, au anaichora ubaoni? Mafunzo kwa vitendo anapelekwa wapi?

Hapo binti akataja Haydom. Hospitali hiyo ya Kilutheri, wilayani Mbulu, ilifunguliwa mwaka 1955, na ni miongoni mwa mahali palipofanyiwa utafiti wa Moyo, kifaa kidogo cha kufuatilia mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni. Angependa kwenda kujifunza huko wakati wa likizo.

Asubuhi iliyofuata baba alichukua daftari lake la mauzo ya mahindi, akaandika maswali ukurasa wa nyuma, akapiga simu chuo cha kwanza. Hakuanza na ada.

"Samahani," alisema, "hapo kwenu karakana ya vifaa tiba ina mashine ngapi, na wanafunzi ni wangapi?"