Foleni za Tunis

Januari 2011 Dar es Salaam tulikuwa na mazungumzo yetu ya kila mwaka, ada za shule na mgawo wa umeme. Zanzibar walikuwa wametoka tu kuadhimisha Mapinduzi tarehe 12. Siku mbili baadaye, Ijumaa, zikaja habari kwamba Zine El Abidine Ben Ali amepanda ndege na kuikimbia Tunisia. Miaka 23 ya utawala ikaishia Saudi Arabia. Vijiweni kila mtu akawa mchambuzi, na mwezi uliofuata, Hosni Mubarak alipoondoka Misri, uchambuzi ukageuka kuwa orodha: nani anafuata?

Wasomi walikuwa na jina la kulitamka, Francis Fukuyama. Mwaka 1989, miezi kadhaa kabla Ukuta wa Berlin haujaanguka, Mmarekani huyo aliandika makala akiuliza kama historia imefika mwisho. Hakudai kwamba vita na misukosuko vitakwisha. Alidai kwamba demokrasia ya kiliberali haina tena mpinzani wa kifikra anayestahili kuitwa mpinzani. Sisi tulikuwa na sababu zetu za kumkumbuka, kwani upepo wa 1989 ndio uliotuletea Tume ya Nyalali na, mwaka 1992, vyama vingi. Ila wengi waliohojiwa na tume hiyo, karibu wanane katika kila kumi, walisema wanataka chama kimoja kiendelee. Demokrasia yetu iliingia kwa kura chache. Lakini Januari ile hakuna aliyetaka kukumbushwa jambo hilo.

Tulichokuwa tukikitazama kilianzia Sidi Bouzid, mji wa bara usio na fukwe wala watalii. Mohamed Bouazizi, kijana wa miaka 26, aliuza matunda kwa mkokoteni. Tarehe 17 Desemba 2010 askari wa manispaa walimnyang'anya bidhaa na mizani. Akaenda kulalamika, hakusikilizwa, akajimwagia mafuta na kujichoma mbele ya ofisi ya mkuu wa mkoa. Waliomlilia barabarani walidai kazi, uhuru na heshima, na kazi ndiyo iliyotajwa kwanza. Sisi wa mbali tulisikia uhuru tu, maana ndilo neno tulilokuwa tukilisubiri.

Na uhuru ulikuja kweli, asidanganywe mtu. Oktoba 2011 Watunisia walipanga foleni ndefu kuchagua bunge la katiba. Mwaka 2013 wanasiasa wawili, Chokri Belaid na Mohamed Brahmi, waliuawa kwa risasi, na nchi ikayumba. Haikuanguka, kwa sababu chama cha wafanyakazi cha UGTT na washirika wake watatu waliwakalisha wakubwa chini mpaka wakaelewana. Januari 2014 ikapatikana katiba iliyosifiwa duniani, na mwaka 2015 wapatanishi hao wanne wakapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Kijana wa Sidi Bouzid sasa aliweza kumtukana waziri hadharani akarudi nyumbani salama. Kazi hakupata. Serikali zilibadilishana viti, bei zikapanda, na boti za kuelekea Italia zikaendelea kujaa.

Usiku wa 25 Julai 2021 Rais Kais Saied, mwalimu wa sheria ya katiba aliyechaguliwa mwaka 2019 kwa zaidi ya asilimia 70 ya kura, alimfukuza waziri mkuu na kulisimamisha bunge. Magari ya jeshi yakaziba lango. Jambo ambalo bado linaniuma ni shangwe. Watu walimiminika barabarani wakipiga honi kama timu ya taifa imechukua kombe, na wengi wao, naamini, ndio wale wale wa 2011. Hawakuwa wajinga. Bunge walilokuwa wakishangilia kufungwa kwake, kwa miaka kumi hawakuona faida yake mezani.

Baadaye mwaka huo Saied aliihamisha hata sikukuu ya mapinduzi kutoka 14 Januari, siku aliyokimbia Ben Ali, hadi 17 Desemba, siku ya Bouazizi. Kwake, tarehe 14 ndipo mapinduzi yalipotekwa. Simpendi mtu huyu, lakini hapo amegusa jambo. Tarehe 14 tuliipenda sisi watazamaji kwa kuwa ilifanana na Berlin.

Katiba mpya ya Saied ilipitishwa mwaka 2022 huku takriban theluthi moja tu ya wapiga kura ikijitokeza. Rached Ghannouchi, spika wa bunge lile lililofungwa, aliyekaa uhamishoni London miaka 20 hivi na kupokewa na umati mwaka 2011, alikamatwa Aprili 2023 akiwa ameshavuka miaka 80. Mwaka huo huo foleni zilirudi mijini, safari hii mbele ya maduka ya mikate.

Watetezi wa Fukuyama watasema kwamba hata Saied hakuthubutu kulitupa sanduku la kura. Ni kweli. Mwaka 2009 Ben Ali alitangaziwa ushindi wa asilimia 89.6. Oktoba 2024, huku baadhi ya waliotaka kushindana naye wakiwa gerezani, Saied alitangaziwa 90.7. Kama huo ndio ushindi wa demokrasia ya kiliberali, basi Ben Ali naye alikuwa miongoni mwa washindi, na hakuna aliyekuwa na haja ya kumtimua.