Yai, Kijiko na Farasi



Tulipostaafu ualimu tulijipa kazi ya kumpeleka mjukuu wetu wa kike, mwenye umri wa miaka 9, kujifunza kupanda farasi kila Jumamosi. Hapa Uingereza wengi wetu hudhani kuwa huo ni mchezo wa matajiri usiotuhusu. Twasahau kwamba Mtume (S.A.W.) aliandaa mashindano ya farasi Madina, na Abdullah bin Umar alikuwa miongoni mwa walioshindana.

Mwezi wa kwanza ulikuwa mzito. Mtoto alizungushwa uwanjani kama ngamia wa kinu cha mafuta, huku akiamrishwa: visigino chini, mgongo wima, mikono itulie! Kila alipoamrishwa alizidi kukakamaa, na macho yake hayakubanduka kwenye hatamu. Farasi humhisi aliyempanda. Huyo wake akawa hasimami wala hageuki anapotakiwa. Jumamosi ya nne mtoto alituambia njiani, "Babu, mimi sirudi tena." Tukamjibu kwa ukali kuwa elimu haipatikani bila ya taabu.

Wiki iliyofuata alikuja mwalimu mwingine, binti mdogo, na ndoo, nguzo, vijiko na mayai ya mbao. Tulisema kimoyomoyo kwamba fedha zetu sasa zinachezewa.

Alianza na mchezo ambao mtoto mmoja huwapa wenzake kisogo, nao humnyemelea juu ya farasi. Anapogeuka, farasi wote sharti wawe wamesimama tuli. Anayeonekana akisogea hurudishwa mwanzo. Mjukuu wetu, aliyeshindwa wiki nne kumsimamisha farasi, alimsimamisha mara tatu mfululizo. Kisha likaja yai. Kijiko kilishika mkono mmoja, hatamu zikabaki kwa mkono wa pili, na yai lilipaswa kufikishwa kwenye ndoo upande wa pili. Lilianguka mara nyingi, na mtoto alicheka hata kofia ngumu ikamteleza juu ya mtandio. Lakini macho yalikuwa kwenye ndoo. Mwili ukafuata macho, na farasi akafuata mwili. Mnyama naye hakusahauliwa: kila baada ya duru chache farasi walipumzishwa.

Baadaye tuligundua kuwa jambo hili si geni hapa. Chama cha Pony Club, kilichoanzishwa mwaka 1929, kina mashindano ya michezo ya namna hiyo tangu mwaka 1957, kwa wazo la Prince Philip, aliyetaka watoto wenye farasi wa kawaida nao wapate kushindana.

Usiku ule hatukupata usingizi. Tulisomesha hesabu zaidi ya miaka 30, na bakora yetu ilijulikana. Tulimkumbuka mvulana mmoja aliyetetemeka ubaoni mbele ya hesabu za sehemu, nasi tukazidisha ukali tukidhani ni uvivu. Huenda naye alikuwa akitazama mikono yake tu.

Asubuhi tulimwomba radhi mjukuu wetu. Alikwisha kusahau, alitaka kijiko kikubwa cha jikoni. Tangu siku hiyo hufanya mazoezi kwa miguu ukumbini, akipita baina ya viti, na mama yake hulalamikia mayai.