Waridi la Jangwani Katika Milima ya Dhofar

Kutoka Maskati hadi Salalah ni mwendo wa kilomita 1,000 hivi, na sehemu kubwa ya njia ni jangwa tupu. Mama alinyamaza karibu safari nzima. Kiangazi kilichotangulia kilikuwa kimemkaushia mawaridi yake yote ya barazani, naye aliapa kwamba hatapanda tena kitu katika nchi hii.

Wasafiri wengi huenda Dhofar wakati wa kharifu, baina ya Juni na Septemba, pepo za kusi zinapoleta ukungu na manyunyu. Sisi tulikwenda Aprili, milima ingali mikavu. Tulikuwa tukipanda mlima kutoka Mirbat kwenda Wadi Hinna kuitazama mibuyu (ndiyo, wasomaji wapenzi, mibuyu kama ya kwetu) Mama alipopaza sauti: "Simamisha gari, mwanangu!"

Juu ya mwamba palikuwa na mti wa kimo cha mtoto, shina limevimba chini kama mtungi. Haukuwa na jani hata moja, lakini ulijaa maua ya rangi ya waridi, yakififia kuwa meupe katikati. Mama aliufahamu. Alipokuwa msichana, akisafiri kwa gari la moshi kutoka Mombasa kwenda Nairobi, aliuona dirishani katika nyika ya Voi. "Ulikuwa hivi hivi," alisema. "Nyika yote imekauka, wenyewe umejipamba."

Wenye vitalu huuita waridi la jangwani, ijapokuwa si jamaa ya waridi. Maji yake huyaweka akiba ndani ya shina.

Hatukuung'oa. Tulinunua mche Maskati, nami kwa huruma yangu ya kijinga nikaumwagilia kila jioni. Baada ya wiki tatu shina lilikuwa laini kama papai bivu. Mama akanunua wa pili, akanikataza kuugusa mfereji. Alitia chunguni mchanga mnene na kokoto, udongo kidogo tu, akauweka palipo na jua la kutwa. Huumwagilia udongo ukishakauka kabisa. Majani yakipukutika wakati wa baridi, huuacha na kiu. Wasomaji walioko Uingereza itawapasa kuuingiza ndani, karibu na dirisha lenye jua, kwani hauvumilii jalidi.

Jambo moja halina mzaha: utomvu wake ni sumu. Wawindaji wa Kihadza nchini Tanzania huupaka mishale utomvu wa miti ya jamii hii. Mama hunawa mikono kila anapoukata tawi, na chungu amekipandisha juu ya ukuta, wajukuu wasikifikie.

Mwaka huu umetoa maua kumi na moja. Ameyahesabu mwenyewe.