Mapovu Yanakudanganya

Kila nikiweka video ya baiskeli, lazima msee mmoja aulize: "Tairi yangu ya tyublesi inapoteza upepo, niongeze silanti kiasi gani?" Jibu langu huwa lile lile. Usiongeze. Tafuta kwanza upepo unapitia wapi.

Najua inakaa kitu kidogo. Lakini kwa wengi wetu baiskeli si mchezo wa Jumapili pale Karura. Ndio nauli. Mimi naishi Kangemi na nashuti video za wateja Westlands na Kilimani. Mvua ikinyesha jioni, matatu zinapandisha bei vile zinataka. Gurudumu likilala, kazi yangu imelala pia.

Kama wewe ni mgeni kwa hii mambo, tyublesi ni tairi lisilo na tyubu ndani. Tairi lenyewe linabana kwenye rimu. Ndani ya rimu kuna tepu inayofunika matundu ya spoki, na valvu ina raba yake ya kuzuia upepo. Halafu unamwaga silanti, ule uji mweupe wa mpira. Mwiba ukitoboa tairi, upepo unausukuma huo uji mpaka kwenye tundu, unaganda, safari inaendelea. Si kitu cha jana. Mavic, Hutchinson na Michelin walileta mfumo wao wa UST kwa baiskeli za milimani mwaka wa 1999. Na kwa nchi yenye miiba ya migunga kama yetu, ni baraka tupu.

Shida ni kwamba tumeigeuza silanti kuwa dawa ya kila ugonjwa. Inaziba tundu dogo kwenye mpira, la milimita chache. Haikutengenezwa kushikilia tepu iliyochanika. Tena hukauka. Wengi huiongeza kila baada ya miezi 2 hadi 6, na mahali pa joto huisha mapema zaidi.

Baiskeli yangu ilikuja kama mtumba. Gurudumu la nyuma likaanza kulala kila usiku. Duka moja la bei ya juu likaniambia rimu imekwisha, ninunue gurudumu lingine kwa shilingi 14,000. Hiyo kwangu ni kodi ya miezi miwili. Nikalipeleka kwa mzee anayetengeneza baiskeli kando ya barabara mtaani kwetu, yule watu humpita wakidhani anajua tu Black Mamba. Akaomba ndoo ya maji na sabuni. Tukaona mapovu yanatoka kwenye spoki moja.

"Guka, tuzibe hapo?" nikamuuliza.

Akacheka. "Kijana wangu, hapo ni mlango wa kutokea. Alikoingilia ni kwingine."

Na ndivyo ilivyo. Rimu ina uwazi ndani. Upepo ukishapenya chini ya tepu, unazunguka kwenye huo uwazi na kutokea popote penye nafasi: spoki yoyote, tundu la valvu, hata mahali rimu iliungwa. Ukipaka gundi pale penye povu, upepo utatafuta mlango mwingine. Tepu yangu ilikuwa imechanika upande wa pili kabisa.

Kwa hivyo fanya hivi. Jaza upepo, paka maji ya sabuni kila mahali, na usome mapovu. Yakitoka kwenye mpira wenyewe au pale tairi linagusana na rimu, zungusha na kutikisa gurudumu ili silanti ifike hapo, kisha lilaze juu ya ndoo, upande huu halafu ule. Yakitoka ncha ya valvu, kaza kile kijichuma cha ndani au kibadilishe, maana silanti hugandia hapo. Yakitoka kwenye spoki au mahali valvu inaingilia kwenye rimu, shuku tepu au raba ya valvu. Hapo hakuna njia ya mkato. Fungua tairi, toa tepu yote, safisha rimu kwa spiriti, iache ikauke. Bandika tepu mpya inayofika ukuta hadi ukuta, ukiivuta kwa nguvu, na mwisho wake upite juu ya mwanzo kwa kama sentimita 10. Toboa tundu dogo la valvu. Kaza nati yake kwa vidole tu. Ukitumia koleo, siku ya pancha barabarani hutaweza kuifungua ili uweke tyubu. Na tyubu ya akiba usiache nyumbani.

Mimi nililipa tepu na kazi ya Guka. Haikufika hata 1,000.

Sasa hapa ndipo najua wengine mtanikasirikia. Sisi watu wa kontenti tumechangia hii shida. Kuonyesha chupa mpya ya silanti kunaleta watazamaji. Kuonyesha mzee ameinama juu ya ndoo dakika 20 hakuleti. Basi mtu anakua akijua kwamba kila tatizo linamalizwa na kununua kitu.

Na si baiskeli peke yake. Niliacha kampasi mwaka wa pili. Watu wa mtaa wanaona niko nyumbani, wanasema ni uvivu, ni simu, ni marafiki wabaya. Hayo ni mapovu. Upepo ulianza kupotea miaka miwili nyuma, baba alipopoteza kazi na karo ikaanza kulipwa nusu nusu. Wengi waliniletea maneno ya kutia moyo, na nashukuru. Ila ni shangazi mmoja tu aliyeketi na mimi akauliza, "Balansi ni ngapi, na inatakiwa lini?" Hakuwa na hizo pesa. Lakini huyo ndiye aliyetafuta tundu.

Kama una rafiki ambaye amenyamaza siku hizi, au hajatokea darasani, usimtumie nukuu ya motisha kwanza. Muulize swali moja la kweli, kisha ngoja ajibu. Na kama tairi lako limelala asubuhi ya leo, weka hiyo chupa chini. Chukua sabuni.