Dodoso Lisubiri Kwanza

Nyakato, Mwanza

Kwako mwanangu mpendwa,

   Dhumuni la barua hii ni lile andiko lako la utafiti ulilonitumia kutoka chuoni nilisome.

Swali lako ni zuri na lina faida kwa watu: je, darasa la lishe linalotolewa kliniki linapunguza udumavu wa watoto? Umepanga kukaa kwenye zahanati moja, ujaze dodoso na akina mama wanaohudhuria, kisha uwatafute wasiohudhuria, ulinganishe urefu wa watoto wao. Halafu unaniuliza utumie kipimo gani cha takwimu. Hilo la kipimo liweke kando kwanza. Kipimo chochote kitapokea namba utakazokipa, wala hakitakuambia kwamba watu uliowalinganisha hawakustahili kulinganishwa. Kazi hiyo ni yako, na hufanywa kabla dodoso halijachapwa. Data ikishakusanywa vibaya ni maji yaliyomwagika, na maji yakimwagika hayazoleki.

Mtazame mama anayehudhuria. Huenda anaishi jirani na zahanati, amefika kidato cha nne, na nyumbani kwao kuna ng'ombe wa maziwa. Mtoto wake pengine angekua vizuri hata lisingekuwepo darasa. Asiyehudhuria huenda yuko shambani tangu alfajiri, tena mbali. Ukikuta watoto wa yule wa kwanza ni warefu zaidi, utajuaje kama ni darasa au ni maziwa?

Jambo hili si dogo. Mwaka 1954 chanjo ya polio ya Jonas Salk ilijaribiwa huko Marekani kwa watoto wa shule. Katika sehemu moja ya jaribio, watoto ambao wazazi wao walikubali waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakachomwa chanjo, wengine wakachomwa kimiminika kisicho na chanjo. Katika kila watoto 100,000, waliochanjwa waliugua 28, na wenzao 71. Sasa angalia wale ambao wazazi wao walikataa. Nao hawakupata chanjo, lakini waliugua 46 tu. Sababu ni kwamba waliokataa walikuwa zaidi wa familia maskini. Katika mazingira machafu mtoto hukutana na kirusi akiwa mchanga, bado analindwa na kinga ya mama yake, akajijengea kinga yake mwenyewe. Laiti watafiti wangelinganisha waliokubali na waliokataa, wangeweka 28 mbele ya 46, na chanjo ingeonekana dhaifu kuliko ilivyo. Anayekubali na anayekataa ni watu tofauti tangu mwanzo. Na anayekuja kliniki na asiyekuja ni vivyo hivyo.

Dawa ya tatizo hilo ni kura, na mfano wake mzuri uko hapa hapa kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti walitaka kujua kama kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya na zahanati za mkoa wa Mwanza kungepunguza maambukizi mapya ya VVU. Walichukua jamii 12, wakazipanga jozi 6 zinazofanana, ya kando ya ziwa na ya kando ya ziwa, ya visiwani na ya visiwani. Kura ikaamua ni ipi katika kila jozi ianze kupata huduma hiyo. Matokeo yalitoka mwaka 1995. Kwa miaka miwili, upande wenye huduma waliambukizwa watu 48 kati ya 4,149. Upande wa pili 82 kati ya 4,400. Kwa asilimia ni 1.2 na 1.9. Wangepima watu 100 tu kila upande, wangetarajia kupata kama mmoja huku na wawili kule, na hakuna ambaye angethubutu kusema lolote. Ndiyo maana idadi ya sampuli hupigiwa hesabu mapema.

Tena katika jozi zote 6, wenye huduma walikuwa na maambukizi machache kuliko wenzao. Chukua shilingi uirushe. Kama tiba haina athari yoyote, kila jozi ni mrusho mmoja, na kupata upande uliouchagua mapema mara sita mfululizo hutokea mara 1 katika 64. Hiyo ndiyo maana ya thamani ya p mnayokaririshwa: uwezekano wa kupata matokeo kama haya, au yaliyozidi haya, endapo hakuna athari. Haikuambii athari ni kubwa kiasi gani, wala haikuhakikishii kwamba ipo.

Tahadhari hiyo ilihitajika hata kwa matokeo ya Mwanza. Mwaka 1999 wenzetu wa Rakai, Uganda, walitoa matokeo ya utafiti ambao walipita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi 10, wakiwatibu watu wote, wenye dalili na wasio nazo. Maambukizi ya VVU hayakupungua. Tiba ilitolewa kwa njia nyingine, na kule janga lilikuwa limekomaa zaidi. Kila utafiti hujibu swali lake, mahali pake. Usiutake ujibu swali ambalo haukuliuliza.

Kwa hiyo, mwanangu, fanya hivi. Usijifunge kwenye zahanati moja, maana ukijaza hata dodoso 500 hapo, bado unayo zahanati moja. Omba orodha za kaya zenye watoto chini ya miaka mitano kwa wenyeviti wa vitongoji, uchague kaya kwa kura, uzifuate nyumbani. Ukimkosa mama leo, rudi kesho. Usimbadilishe na jirani aliyepo, kwa sababu asiyepatikana kirahisi ndiye unayemhitaji. Pima urefu kwa ubao uleule na kwa namna ileile. Uliza elimu ya mama, umbali wa zahanati na hali ya kaya, ili ulinganishe wanaofanana. Hata hapo, kwa kuwa darasa hukuligawa kwa kura, andika kwamba umeona uhusiano. Usiandike kwamba darasa limepunguza udumavu. Msimamizi mzuri atakuheshimu kwa sentensi hiyo.

Mwisho, kabla hujaomba kibali, andika ukurasa mmoja: swali lako, watu utakaowalinganisha, watakavyochaguliwa, utakachopima, idadi yao, na matokeo ambayo yakitokea utakiri kwamba nadharia tete yako haikusimama. Nitumie huo ukurasa. Tukikubaliana juu yake, suala la kipimo tutalimaliza kwa simu.

Mungu akutangulie katika masomo yako.

Ni mimi shangazi yako akupendaye.