Elwak: Mgeni anapojifunza uuguzi kwa wenyeji

Ukitoka Wajir kuelekea Mandera, barabara hukata nchi tambarare ya vichaka vya miiba na vichuguu virefu kuliko mtu. Ni safari ya vumbi na vizuizi vya askari. Hatimaye abiria huambiwa wamefika Elwak, mji ulio mpakani. Ng'ambo, katika nchi ya Somalia, kuna mji mwingine wenye jina hilo hilo.

Maana ya jina hilo ni visima vya Mungu. Wakazi wengi ni Wagarre, wafugaji wa ngamia na mbuzi. Kiswahili utakisikia madukani na ofisini, lakini mama mwenye uchungu wa kuzaa halii kwa Kiswahili.

Hilo ndilo lililomshtua kwanza mwanafunzi mmoja wa uuguzi, mzaliwa wa Nyeri, niliyezungumza naye alipokuwa upande huo kwa mafunzo ya nyanjani. Mama yake alilia alipopata habari kwamba binti yake anapelekwa Elwak.

Hofu hiyo haikuwa bure. Novemba 2014 watu 28 waliuawa katika basi lililotoka Mandera, na baadaye walimu na wahudumu wengi wa afya kutoka sehemu nyingine za Kenya wakahama. Lakini Desemba 2015, basi jingine liliposhambuliwa karibu na Elwak, abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafariki Januari 2016.

Binti huyo alifika akiwa na daftari lililojaa maelezo ya darasani. Wiki ya kwanza aliwauliza wagonjwa wanaumwa wapi, nao wakanyamaza. Sista mwenyeji akamweleza kosa lake. Alitakiwa kwanza kusalimu, aulize habari za nyumbani, za mifugo na za mvua. Ugonjwa hufuata baadaye. Tena dawa asitoe kwa mkono wa kushoto, na mama mzee amwite "hooyo".

Somo kubwa lilikuja usiku mmoja. Aliletwa mwanamke kijana, mimba yake ya kwanza, aliyeumwa uchungu tangu alfajiri. Alikuwa amekeketwa na kushonwa utotoni. Sheria ya Kenya ya 2011 inakataza kitendo hicho, lakini akina mama wengi bado wana makovu yake. Chuoni, mwanafunzi alikuwa amesoma habari hizo kwa mistari michache tu. Sasa alisimama kando ya sista, akionyeshwa jinsi ya kulipima kovu na kulifungua kwa uangalifu.

Hata hivyo mtoto hakushuka. Ilibidi mama apelekwe kupasuliwa. Mumewe alikuwa malishoni na ngamia, na mama mkwe akakataa katakata. Mwanafunzi alitaka kugombana naye. Alimwona bibi huyo kuwa mkatili.

Sista hakugombana. Alimwuliza kwanza mgonjwa mwenyewe, naye akakubali. Kisha akaketi chini na bibi, akaagiza chai. Ndipo hofu ikatajwa: mwanamke aliyepasuliwa mara moja atapasuliwa kila mara, atazaa watoto wachache, na mumewe huenda akaoa mwingine. Sista alimweleza kwamba wengine huzaa kawaida baada ya upasuaji, mradi wazalie hospitalini. Mjomba akaitwa, simu ikapigwa. Kabla chai haijaisha, bibi mwenyewe alikuwa akiulizia gari. Mama na mtoto walipona.

Dakika zile za chai zilikuwa na uzito wake. Kwa hesabu zilizotokana na sensa ya 2009, Mandera ilipoteza akina mama 3,795 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, ilhali wastani wa Kenya ulikuwa 495. Umbali, ukosefu wa wahudumu na umaskini vilichangia. Lakini mama aliyefokewa kliniki hatarudi, na jirani zake watasikia.

Mwanafunzi aliniambia kwamba tangu usiku ule hakuiona tena mila kuwa ukuta. Aliiona kama mlango ambao lazima mtu abishe hodi.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja kuponya, ila ilibidi kwanza mwenyeji amfundishe.