SAMAKI 13 NILIOWAUA KWA UJUAJI WANGU

Nimekuwa kimya kwa muda. Wapo waliodhani naumwa, wapo waliodhani nimehamia Dar. Hapana. Nipo hapa hapa Kigoma, Mwanga, na kilichonikalisha kimya ni kubeba maji. Naam, kubeba maji. Na leo nataka kuungama jambo.

Mambo yalianza mwaka 2024, serikali ilipofunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi 3, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Waandishi wote wa hapa tuliandika habari hiyo hiyo: dagaa wamepanda bei, migebuka haionekani, akina mama wa Kibirizi wamekaa na meza tupu. Nilimtumia kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa anayeishi Ujerumani, nakala ya niliyoyaandika. Hakusema neno kuhusu habari yangu. Alinitumia picha.

Ilikuwa picha ya tanki la kioo dukani kwao. Ndani kulikuwa na samaki mkubwa mwenye nundu kwenye paji la uso na mistari 7 myeusi ubavuni. Kwenye kioo walikuwa wamebandika jina: Cyphotilapia frontosa, na chini yake, KIGOMA.

Jamani! Nimezaliwa Kigoma, nimesoma Kigoma, naandika habari za Kigoma, na samaki mwenye jina la mji wangu sikuwahi kumuona kwa macho. Kaka akanieleza kwamba wafugaji wa Ulaya wanawatambua samaki hao kwa kuhesabu mistari. Wa upande wa Burundi wana mistari 6, wa kwetu wana 7. Mjerumani anahesabu mistari ya samaki wa Kigoma, na mimi wa Kigoma nahesabu bei ya dagaa.

Kaka mwenyewe ana matanki mawili nyumbani kwake. Moja ni la maji ya bahari, lenye matumbawe na samaki wa rangi. Jingine ni la samaki wa Tanganyika. La bahari ananunulia chumvi maalumu, gramu kama 35 kwa kila lita. La Tanganyika nalo anachanganyia magadi na chumvi nyingine mpaka maji yafanane na ya kwetu. Niliposikia hivyo nilicheka sana. Mtu ananunua unga dukani kutengeneza maji ambayo mimi nachota bure kwa ndoo! Nikamwambia, "Kaka, mimi nitaweka tanki langu, na sitanunua hata kijiko cha chumvi."

Huo ndio ujuaji ninaouzungumzia.

Nilikwenda kwa fundi wa madirisha ya alumini, nikamwomba anikatie vioo: urefu sentimita 90, upana 40, kina 40. Fundi akaniuliza vya nini. Nilipomweleza akaacha kazi akanitazama. "Samaki wa kufuga? Bwana mdogo, samaki si wa kula?" Lakini aliukata, tukaunganisha kwa gundi ya silikoni. Kesho yake nikatia maji kwa haraka zangu, gundi haijakauka vizuri, sebule ikawa Kibirizi. Mama hakusema kitu. Alichukua ufagio tu, na ufagio ule ulisema yote.

Tanki la vipimo hivyo linabeba lita 144, na lita moja ni kilo moja. Ongeza mchanga, mawe na vioo vyenyewe, unakaribia kilo 200. Meza ya chakula mama alikataa katakata, na alikuwa na haki. Nikachomelewa stendi ya chuma. Pampu ya hewa niliagiza Kariakoo. Maji nilichota Katonga, madumu 7 ya lita 20, kwa bodaboda, safari baada ya safari. Mawe nilichagua ufukweni, mchanga nikausuuza mpaka maji yakatoka meupe.

Samaki sasa. Nilipita kwanza ofisi ya uvuvi, maana kukusanya na kuuza samaki wa mapambo kunataka leseni. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja mzamiaji anayefanya kazi na mwenye leseni. Nikamwamkia, nikamwambia nataka wale wa mistari 7.

"Hao hapana," akasema. "Hao wanakaa chini sana, na wakikua wanapita urefu wa rula yako ya shule. Utawatesa. Chukua hawa wa mawe ya juu."

Akanipa samaki 12 wa jamii ya Tropheus, wafupi, wenye vichwa vya mviringo, wanaokula ukijani unaoota juu ya mawe. Jina la pili la mmoja wa jamii hii, Tropheus moorii, limetokana na Mwingereza J. E. S. Moore, aliyekuja kulichunguza ziwa hili mwaka 1896. Moore aliona humu konokono wenye makombe kama ya baharini, na wale viumbe laini wanaoelea kama mwavuli, ambao watu wa pwani huwaita konyeza. Akaamini ziwa letu ni mabaki ya bahari ya kale, na mwaka 1903 akatoa kitabu kizima kutetea hoja hiyo. Alikosea. Ziwa limezaliwa na bonde la ufa, na wataalamu wanakadiria umri wake kuwa miaka milioni 9 hadi 12. Lakini mtu akizamisha kichwa pale kwenye mawe ya Katonga, hawezi kumcheka Moore. Kwa rangi zile na samaki wale wanaoingia na kutoka mapangoni, utadhani uko kwenye matumbawe ya Mafia.

Basi nikawatia samaki wangu 12 tankini siku ile ile maji yalipojaa. Siku ya kwanza walicheza. Siku ya pili nikaita majirani. Siku ya tatu wakaanza kuhema juu juu. Siku ya nne nikakuta wawili wamegeuza matumbo. Siku ya sita wamebaki wawili tu.

Nikampigia kaka WhatsApp, nikidhani maji yana sumu au nimeuziwa samaki wagonjwa. Hakunipa hata pole.

"Umewasubiri bakteria?"

"Bakteria gani? Maji ni ya ziwani, ni safi!"

"Mdogo wangu, usafi wa macho siyo usafi wa samaki."

Akanifundisha, nami nawafundisha nyie. Samaki anapopumua na kujisaidia anatoa amonia, nayo ni sumu. Ziwani, bakteria walioko kwenye mawe na mchanga wanaigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha bakteria wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia isipozidi. Tanki jipya lina bakteria wachache mno. Unatakiwa kuliacha wiki 4 hadi 6, ukiweka chakula kidogo kioze, mpaka jeshi hilo liote. Wenye matanki ya bahari nao husubiri vivyo hivyo. Chumvi haikuondolei kungoja.

Na hapa ndipo ujuaji wangu ulipoua. Maji ya Tanganyika yana magadi, pH yake inakaribia 9. Katika maji ya kawaida ya pH 7, sehemu ya amonia iliyo kali kwa samaki haifiki asilimia 1. Katika pH 9, kwa joto la kwetu, inapita theluthi. Yaani yale maji niliyojivunia kuwa ni ya asili, ndiyo yaliyoufanya uchafu ule ule uwe sumu mara nyingi zaidi. Kaka, mwenye maji ya unga wa dukani, alilijua hilo. Mimi, mtoto wa ziwa, sikulijua.

Wale wawili waliobaki nikawatia kwenye ndoo, nikaanza safari ya kwenda kuwaachia Kibirizi, maana ndiko ilikokuwa safari yangu ya kazi siku hiyo. Nikampigia mzee kumwaga. Akapandisha sauti.

"Usiwatupe huko! Hao ni wa mawe ya kusini. Kule siyo kwao."

Nikasema, mzee wangu, ziwa si moja?

Akanieleza kwa subira. Ziwa ni moja, mawe siyo mamoja. Samaki huyu haachi mawe yake. Mchanga mrefu ukikatiza katikati ya mawe na mawe, kwake ni kama jangwa, havuki. Ndiyo maana ukipita pwani yetu utakuta wa mawe haya wana rangi hii, na wa mawe ya mbele wana rangi nyingine, ingawa ni jamaa. Ukiwatupa ovyo unachanganya ukoo uliojitenga miaka maelfu kwa maelfu. Nikageuza bodaboda, nikampelekea mzee akawahifadhi kwenye matanki yake.

Nikasubiri wiki 6. Tanki tupu, pampu inapiga mapovu, mama ananiuliza kama nafuga mawe. Kisha mzee akanirudishia wale wawili pamoja na wenzao 8. Hakufa hata mmoja. Nikavimba kichwa tena.

Nikaamua kuwalisha vizuri. Na chakula kizuri cha Kigoma ni kipi? Dagaa! Nikasaga dagaa wakavu, nikawa nawanyunyizia asubuhi na jioni. Walikuwa wanagombania. Baada ya siku chache watatu wakavimba matumbo, wakakataa kula, wakafa. Mzee alipofika akanusa kopo langu la unga na kutikisa kichwa. Samaki anayekula ukijani ana utumbo mrefu sana, umeumbwa kwa majani. Ukimjaza nyama unamchoma ndani. Siku hizi wanakula mchicha uliochemshwa kidogo, na ukijani walioupata wenyewe kwenye mawe. Wamebaki 7, wazima.

Jumlisha: 10 na 3. Ndiyo hao 13.

Mwezi uliopita mzee aliniletea makombe matupu ya konokono na samaki wawili wadogo kuliko kidole changu cha mwisho, dume na jike, wanaoishi ndani ya kombe moja. Nikawatengea kona yao ya mchanga. Juzi umeme ulikatika usiku, nikawa nimewasha tochi kuangalia kama hewa inatosha, nikaona vitu kama punje za mchele vinaruka mdomoni mwa kombe. Vitoto! Nikamwamsha mama. Mama huyu huyu wa ufagio alichuchumaa mbele ya kioo mpaka miguu ikafa ganzi, akasema, "Hawa sasa ni wajukuu zangu, usiwape dagaa."

Wasomaji wangu, kwa nini nawaeleza yote haya?

Kwa sababu wiki iliyofuata mvua kubwa ilinyesha, nami nikaenda kuchota maji ya kubadilisha. Kila wiki natoa robo ya maji ya tanki na kutia mapya, ili nitrati isizidi. Nilikuta ziwa limegeuka rangi ya chai ya maziwa. Udongo wa milima tuliyoikata miti ulikuwa unashuka na makorongo kuingia moja kwa moja majini. Nilizamisha uso palipokuwa na maji mepesi, nikaona mawe yamefunikwa tope. Ukijani chini ya tope. Zamani ningesema ni mvua tu. Sasa nilijua nachokiona: ni njaa ya samaki wasioweza kuhama. Na siyo hisia zangu. Mwaka 1993 Andrew Cohen na wenzake walichapisha utafiti kuonyesha kwamba sehemu za ziwa hili zinazopokea udongo mwingi zina aina chache za viumbe kuliko zisizopokea.

Tunalo ziwa lenye kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Lina aina zaidi ya 200 za samaki wa ukoo wa kuhe na sato, na karibu zote hazipatikani kwingine popote. Kuhe tunayemla kwa ugali ni miongoni mwa wakubwa kabisa wa ukoo wake duniani. Tumezoea kuona ukubwa huo na kusema, aah, ziwa litajisafisha. Lakini mto unaotoa maji humu ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, na maji mengi yanapotea kwa mvuke. Mvuke hauchukui uchafu. Unauacha.

Lita zangu 144 nilizichafua kwa siku 6, na nilikuwa na bahati: nilikuwa na dumu, bodaboda, na ziwa la kuchotea maji mengine.

Ziwa lenyewe likichafuka, tutachota wapi ya kulibadilishia?

Nawaachia swali hilo. Mimi naenda kuchemsha mchicha.